Manjanja Ishirini na Saba na Kopo ya Misumari

Alunguli, Kindu
Juma tatu asubuhi

Mama yangu Mauwa,

Kwanza goti. Goti iko namna gani, ile ya kushoto? Usiniambie tu kwamba iko vizuri, sababu Sifa atanipa ukweli. Kisha mulilala namna gani, mulikula nini, na ile mihogo ya ng'ambo ya kijito, nguruwe wa pori wamewaachia ninyi kidogo ao wamemaliza yote? Huku sisi wazima. Somo yako, Mauwa mudogo, ameota meno mbili ya juu na anauma kila kitu, hata sasa anauma mukono wangu naandika. Baba yake iko kule kijijini Kama, kwenye shimo ya dhahabu. Juzi alituma salamu na muntu wa piki-piki, anasema mvua imejaza shimo maji lakini yeye mwili iko na nguvu.

Sifa, mudogo wangu, wewe njo unasoma. Soma polepole, usiruke mistari. Ukifika pale nasema kitu mubaya nilifanya, usisimame kumwangalia mama usoni. Endelea tu, sababu kitu muzuri iko mbele.

Nimeandika, sikupiga simu, mama, juu ya ule mulima wenu wa kutafuta rezo ya simu. Watu kumi wako wamesimama pale, kila mumoja simu juu, na kila mumoja anasikia mambo ya wengine. Habari hii haiwezi kupita pale. Ingefika sokoni mbele ya kufika kwako.

Nilitaka kwenda pole-pole lakini siwezi kujizuia. Mama, umepata manjanja. Mabati ya kweli, mapya, ukiyaangalia juani unafunga macho. Yako njiani kuja. Lakini si makumi tatu kama tulivyosema. Ni ishirini na saba. Na juu ya nini tatu imekosa, njo maana barua imekuwa murefu.

Unakumbuka siku nilikuja Tunda kukuonyesha mutoto. Ulinipa ile kopo ya maziwa imejaa feza ya mafuta ya ngazi, michikichi ile ya marehemu baba, jasho yako ya miaka tatu. Ukaniambia: "Zaina, peleka Kindu. Hapa feza haikai na mimi. Mumoja atakuja na kilio, mwengine na ugonjwa, na mimi sina mudomo wa kusema hapana. Ikae kwako, uongeze kidogo kidogo, mpaka ifike manjanja makumi tatu." Usiku ule mvua ikapiga. Ukavuta kitanda mara tatu, ukapanga sufuria mbili na beseni, kisha ukakaa mpaka asubuhi na mutoto wangu kwenye mapaja, umemufunika na mugongo wako. Ulifikiri nimelala. Sikulala, mama. Nilikuona, na nikajiambia mvua za mwaka unaokuja hazitakukuta vile.

Basi nikaweka kopo ndani ya nyumba, nikawa naongeza feza ya maandazi ninayouza. Mimi nilifikiri feza ikikaa kwenye kopo, iko inakaa. Nilikuwa navuka muto na mutumbwi, naenda kwenye duka ya manjanja kule ng'ambo, nauliza bei. Narudi, naongeza. Nikivuka tena, bei imesogea mbele. Naongeza, inasogea. Ni sawa kufuata muntu njiani mwenye miguu mirefu kuliko yako, na yeye hata hajui kama unamufuata.

Na maandazi vilevile. Unga ilipanda, sukari ikapanda, na mimi niliogopa kupandisha bei, nikawa napunguza donge. Napunguza, napunguza. Siku moja mutoto wa shule akashika andazi yangu, akaigeuza, akaniuliza kama nimeanza kupikia panya. Wenzake wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda kukaa ndani na kufikiri. Kama andazi inakuwa ndogo na feza ni ile ile, basi na feza yako mama, ndani ya kopo, inakuwa ndogo. Hakuna muntu ameigusa lakini iko inapungua.

Nikamwambia jirani yangu Mama Josefine. Ni mama wa Kikristu, mukubwa kidogo kuliko mimi, anauza mafuta ya ngazi, nyumba yake na yangu ni ukuta moja. Akanijibu: "Mama Mauwa, mwizi akikuibia, unalia siku moja. Hii inakuibia kila siku na wewe unaisalimia. Enda badilisha kwa dola. Franka inashuka, dola haitembei."

Nikaenda. Pale sokoni iko mubadilisha feza mumoja, watu wanamwita Papa Dola, anakaa chini ya mwavuli na meza yake ndogo. Nilifika na mufuko wa franka muzito sawa mutoto, nikatoka na karatasi moja. Moja tu, mama, ile kubwa, mupya, ngumu mpaka inalia ukiigusa. Nilivuka muto nikiwa sina hata uzito. Nilijiona muke mwenye mayele, mwenye akili kupita wamama wote wa Alunguli.

Sasa niiweke wapi? Mwizi anajua godoro, anajua paa, anajua mutungi wa maji. Nikafikiri: muntu gani ataiba kitambaa chenye mutoto ndani yake? Nikachukua kitenge ya kumubebea Mauwa, ile ya maua ya njano uliyonipa wewe, nikafungua upindo, nikakunja dola mara ine, nikaishonea mule ndani. Kila mahali naenda, iko mugongoni. Nikikaanga maandazi, iko mugongoni. Nilikuwa najicheka peke yangu.

Sifa, njo hapa pahali nilikuambia. Soma tu.

Mauwa akapata homa. Siku tatu anawaka moto, anakojoa, anatapika, na mimi sikujua kama ni asubuhi ao mangaribi. Siku ya ine homa ikashuka, nikakusanya vitambaa vyote, nikateremuka mutoni kufua. Wewe njo ulinifundisha kufua, mama, unajua namna sisi tunafua: kitambaa juu ya jiwe, unapiga mpaka mukono unachoka. Nilipiga kile kitenge na furaha yote ya mutoto kupona. Kisha nikakikamua, na kwenye upindo nikasikia kitu laini, sawa jani lililooza. Nikakaa ndani ya maji na nguo yangu.

Niliikausha kati ya sahani mbili. Ilionekana kama imepona. Nikaenda kwa Papa Dola, sura yangu imetulia kabisa, nikamupa. Akaiinua juani.

"Mama, hii imepasuka."

"Wapi?"

"Hapa, kwenye mukunjo."

Kapasuko kadogo, mudomo wa sisimizi. Nikamwambia: "Papa, angalia franka zako. Hii iko na gundi, hii iko na tundu, hii hata namba haionekani, na wewe unazipokea zote."

Akacheka. "Franka ni mutoto wetu, tunamupokea hata na kamasi. Dola ni mugeni. Asipofika amevaa vizuri, hapiti mulangoni."

Nikazunguka kwa wengine. Mumoja akainusa, akaniuliza: "Mama, dola hii iliishi wapi?" Mwishoni nikarudi kwa Papa Dola, akaichukua kwa bei ya chini, akaniambia yeye pia ataenda kuiuza mbali kwa hasara. Sikujua kama ni ukweli. Lakini feza ya manjanja tisa, ao kumi, ilipotea pale juu ya meza ndogo, na mutoto mugongoni anavuta nywele zangu na kucheka.

Mama, sikukuambia. Nilipanda kwenye mutumbwi kurudi, nikafunika uso na kile kitenge. Wewe uliniuliza kwenye simu, "Kopo iko?" Nikajibu, "Kopo iko." Na kweli kopo ilikuwa. Unisamehe. Ni mara yangu ya kwanza kukudanganya tangu nimekuwa mukubwa, na ilinikaa kwenye koo kama mufupa.

Sasa sikia kitu ilinisaidia. Ni wewe mwenyewe. Nilikuwa namunyonyesha Mauwa, nikakumbuka habari ya chumvi.

Sifa, wewe ulikuwa hujazaliwa, na mimi nilikuwa tumboni. Ilikuwa wakati wa vita. Treni haikuja tena, ndege haikuja, barabara zilikuwa za watu wa bunduki. Baba alikuwa ameuza mupunga, akaweka noti ndani ya sanduku. Mama, bila kumuuliza, akachukua nusu ya zile noti, akanunua gunia ya chumvi kwa mufanya biashara mumoja aliyekuwa anakimbia. Baba alikasirika siku mbili, anauliza kama mama anataka kutia muto muzima chumvi. Mama akaitundika juu ya moto, unyevu isiiyeyushe. Kisha siku moja watu wakaanza kusema noti zile hazipokelewi tena. Nusu ya baba ikawa karatasi za watoto kucheza duka. Nusu ya mama, kijiko kwa kijiko, ilileta muhogo, ikaleta sabuni, ikaleta kitambaa. Na usiku nilizaliwa, mama alimulipa muzalishaji vikombe viwili vya chumvi. Njo vile nimekuja duniani.

Mimi nilipokuwa mudogo nilikuuliza, mama, kama ulijua vile, juu ya nini hukununua chumvi na noti zote? Ukanijibu unapepeta muchele, hata hukuniangalia: "Na kama chumvi ingeyeyuka?"

Hiyo tu. Nilikuwa nimeisahau. Mimi nilichukua jasho yako yote, nikaitia ndani ya karatasi moja, nikaifunga kwa mutoto anayekojoa.

Asubuhi nikaenda kwa Mama Josefine. Alipojua, alijishika kichwa, akasema, "Nilikuambia dola, sikukuambia uifue." Tukacheka mpaka tukalia. Kisha tukapanga. Feza iliyobaki, mafungu tatu. Fungu ya kwanza, mupunga, sababu ilikuwa wakati wa mavuno na watu wa vijijini walikuwa wanaleta kwa wingi, bei iko chini. Mupunga na maganda yake, si muchele, sababu muchele wadudu wanauanza haraka, lakini mupunga unakaa. Fungu ya pili, mafuta ya ngazi, bidoni ine, madumu ya plastiki. Fungu ya tatu, dola tena, lakini dola ndogo-ndogo, nilizikagua moja moja mpaka Papa Dola akaniuliza kama nataka kuzioa. Hizo sikuzikunja. Nilizilaza ndani ya fishi, ile kadi ya lopitali ya Mauwa, fishi ndani ya sashe ya plastiki, sashe juu ya ukuta pahali pakavu. Na sikuwa tena na franka ndani ya nyumba, ila ile ya unga ya kesho.

Nyumba yangu unaijua, chumba na nusu. Magunia juu ya mbao, bidoni chini ya kitanda, kitanda juu ya matofali. Baba Mauwa akafika kutoka Kama kupumzika, akafungua mulango, akasimama.

"Mama Mauwa," akasema, "nilioa muke ao nilioa depo?"

"Ulioa depo. Muke njo mulinzi."

Alilala siku tano juu ya magunia, anajikuna. Alisema tuuze mafuta haraka, bei ni nzuri. Mimi nikasema tungoje ipande zaidi. Basi, yeye alikuwa na haki: bidoni zikaja nyingi kutoka vijijini na mafuta ikashuka, nikauza bidoni mbili, na pale nilipoteza kidogo. Ninakuambia hata hiyo, sitaki tena kitu ndani ya koo. Lakini mama, mafuta iliposhuka, mupunga ulikuwa umeanza kupanda, na zile dola zilikuwa zimelala tu na fishi ya mutoto, hazina habari. Nililala vizuri usiku ule. Kimoja kimeanguka, viwili vimesimama. Nikaelewa ile nusu ya chumvi yako mpaka ndani ya mifupa. Baba Mauwa alipokuwa anarudi Kama, akaniachia kapunje ka dhahabu, kadogo sawa mbegu ya mboga ya lengalenga, akasema, "Weka na wewe kwenye depo."

Kisha treni. Mama, tangu miezi watu walisema treni inakuja, mpaka tukaacha kusikiliza. Juma iliyopita honi ikasikika mpaka huku ng'ambo ya muto. Watu walitoka na masabuni mwilini. Mama Josefine akapiga ukuta: "Depo, amuka."

Yeye njo alijua, mimi sikujua. Treni ikifika, wafanya biashara wanashusha manjanja na simenti nyingi siku moja, kila mumoja anataka kuuza mbele ya mwenzake, na kwa siku mbili tatu bei inalegea. Kisha inapanda tena, treni ikishasahaulika. Na watu wa treni nao, wamekaa njiani siku nyingi, wanataka kula. Muchele unatafutwa kama dawa. Vitu viwili kwa siku ile ile: kile niko nacho kiko juu, kile ninatafuta kiko chini.

Tulipeleka mupunga kwenye mashini ya kukoboa. Mashini ikakufa katikati, mwenye mashini akaenda kutafuta mukanda, na mimi niko nimesimama na jua inakwenda, naona manjanja yako yanauzwa kwa watu wengine. Mama Josefine akaazima vinu viwili kwa majirani. Tukatwanga, mama. Gunia nzima kwa mikono, mutoto mugongoni, mikono yangu sasa iko na malengelenge na siyaonei huruma hata kidogo. Tukavusha muchele na mutumbwi, tukauza pale pale treni imesimama, jua halijazama muchele umekwisha. Nikachukua feza ile, na dola ndogo, na kapunje ka dhahabu, na zile bidoni mbili za mafuta zilizobaki, nikaenda kwa muntu wa manjanja.

Akanitajia bei. Nikapunguza. Akasema, "Mama, unanifilisi." Nikamwambia, "Papa, kesho kutwa wewe njo utanifilisi, leo ni zamu yangu." Akacheka, akahesabu. Ishirini na saba.

Nikamutajia hesabu, nikamuuliza: kama ningekuja leo na zile franka zangu za mwanzo, zile za kopo, ningepata ngapi? Akafikiri. "Kumi na tisa, ao ishirini kama ningekupenda."

Basi unaona, mama. Dola ilitupunguza, mafuta ikatupunguza kidogo, na hata vile tumefika ishirini na saba. Hizo tatu zilizokosa ni deni ya somo yako. Akiota meno yote atakulipa.

Manjanja iko inapanda treni inayorudi, mpaka Kibombo. Kutoka Kibombo mpaka Tunda, Amuri wa baiskeli, mutoto wa nyumba ya tatu kutoka kwenu, ataisukuma mara mbili. Yeye njo anabeba barua hii. Hesabu manjanja kwanza, kisha umupe maji ya kunywa. Na ile kopo yako ya maziwa nakurudishia. Usishangae uzito, imejaa misumari ya kofia, ya manjanja.

Ishirini na saba inatosha nyumba, chumba chako na sebule. Jikoni tuache majani kwanza. Feza ya ngazi ikitoka tena, usinitumie franka. Nunua mupunga nusu wakati wa mavuno, Sifa aulaze juu ya mbao, nusu ingine nitumie na muntu muaminifu nitafute dola ndogo na safi. Wamama saba wa hapa, wenye sanduku ya akiba pamoja, wamekuja kuniuliza namna ya kufanya mafungu. Mimi, Zaina, niliyeacha shule darasa la tano. Niliwaambia yote, hata habari ya jiwe la kufulia.

Nisalimie Mjomba Sefu, fundi wa mbao, na umupe misumari kumi kumi, si kopo nzima, tunamujua. Nisalimie Shangazi Mwamini wa nyuma ya musikiti, mwenye kufinyanga vyungu, umwambie chungu chake hakijapasuka. Nisalimie mwalimu aliyemufundisha Sifa kusoma, amefanya kazi nzuri kama umesikia mpaka hapa. Sifa, nakukumbatia.

Mama, kitu moja ya mwisho. Najua utataka kunipa habari mvua ya kwanza ikipiga. Usipande mulimani kutafuta rezo. Acha beseni pahali pake, acha kitanda pahali pake. Kaa ndani. Nitaangalia mawingu ya upande wa Tunda, nitajua.

Ni mimi mutoto wako wa vikombe viwili vya chumvi,

Zaina, mama Mauwa